Kituo Baada ya Rudio: Kusoma Fani ya Mazoezi-Tiba ya Simuni

Tuanze na kipande kifupi kabisa. Msomaji amelala kifudifudi, viganja vimekaa sakafuni usawa wa mabega. Anaelekezwa anyooshe mikono hadi kifua kiinuke, nyonga zibaki chini zimelegea, ashike hapo kidogo, ashuke, arudie mara 10. Maelekezo yote hayajazi hata nusu ya skrini ya simu, na utekelezaji wake ni wa dakika mbili tatu. Hata hivyo mhakiki aliyezoea kuhesabu mizani na kutafuta vituo hatachelewa kuona kwamba kipande hiki kina mjengo: tendo linalopanda, kimya, tendo linaloshuka, kisha takriri ambayo kila mzunguko wake unafanana na uliotangulia kwa umbo lakini unatofautiana nao kwa hisia, kwa kuwa mgongo ulioligomea rudio la kwanza mara nyingi huwa umeshalegea kiasi ufikapo rudio la 7 au la 8. Matini ya aina hii haikamiliki kwa kueleweka. Hukamilika inapotendwa, na kwa sababu hiyo nitaiita matini-tendwa, nikiihesabu katika ukoo mmoja na nota za muziki na maelekezo ya halaiki.

Zoezi lenyewe lina asili inayojulikana. Robin McKenzie, mtaalamu wa tiba ya viungo wa New Zealand, alilipata kwa bahati mwaka 1956 huko Wellington. Mgonjwa wake, aliyekuwa na maumivu yaliyoshuka hadi mguuni, alijilaza kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa umeachwa umeinuliwa, akabaki amepinda mgongo kinyumenyume kwa dakika kadhaa, mkao ambao wataalamu wengi wa siku hizo wangeuogopa, kisha akasema mguu umeacha kuuma. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga mfululizo: kulala kifudifudi tu, kujiegemeza kwenye viwiko, kujiinua kwa mikono, kujipinda nyuma ukiwa umesimama. Lakini kilichonivutia mimi zaidi ya mfululizo ni msuko aliouweka ndani yake. Kwa McKenzie maumivu yana mahali na yana mwelekeo. Yaliyokuwa kwenye kigimbi yakipanda hadi pajani, kutoka pajani hadi kalioni, na kutoka kalioni yakajikusanya katikati ya kiuno, hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kwa muda kinauma kuliko mwanzo. Mwendo huo nauita urejeo-kati. Anayesoma mwili wake kwa kuuliza tu yanauma kiasi gani atausoma vibaya, maana kwa kipimo hicho hali imeharibika. Anayeuliza yanauma wapi ataona kwamba kisa kimegeuka na kinaelekea mwisho mwema. Riwaya nyingi za upelelezi zingependa kuwa na mgeuko wa namna hiyo, ambapo ushahidi ule ule, ukisomwa kwa swali jingine, unatoa hukumu iliyo kinyume.

Swali hilo la wapi halina nafasi ya kuulizwa wakati mwili unapanda, wala wakati unashuka, kwa sababu misuli ikiwa kazini hairuhusu usikivu wa namna hiyo. Linaulizwa kwenye kituo, pale mikono imenyooka, kifua kiko juu na sauti imenyamaza. Hapo ndipo mtendaji anageuka kuwa msomaji. Ndiyo maana naona programu nyingi za simu zinazoelekeza mazoezi ya aina hii zinaharibu kazi yake yenyewe pale zinapokijaza kituo: muziki laini, sauti ya kuhesabu sekunde, na baya kuliko yote, pongezi. Sauti inasema vizuri sana kwa mtu ambaye haimwoni, ambaye pengine amekaa kitandani akila karanga. Zipo zinazojaribu kuistahili pongezi hiyo. Kaia Health, kampuni iliyoanzishwa Munich mwaka 2016, hutumia kamera ya simu kufuata viungo vya mtendaji na kumsahihisha. Ni ufundi mkubwa, nao unastahili kusomwa peke yake. Hata hivyo kamera huona pembe ya goti na haioni maumivu yamehamia wapi. Hilo linabaki kwa mwenye mwili, na anahitaji kimya ili alijue.

Fani ya kipande cha McKenzie ina ugumu mwingine unaoonekana mara tu simu inapoingia. Aliyelala kifudifudi haoni skrini. Unaweza kuitengeneza video safi, yenye mchoro wa uti wa mgongo unaozunguka na mishale ya rangi, lakini katika tendo lililo kiini cha tiba uso wa mtazamaji umeelekea mkekani. Picha inamtumikia kabla ya zoezi, na sauti pekee ndiyo inayoingia naye ndani. Kundi la Chidozie Mbada katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, Ile-Ife, Nigeria, liliuweka mfululizo wa McKenzie kwenye programu ya simu, na mwaka 2019 likachapisha ulinganisho kati ya wenye maumivu sugu ya kiuno walioifuata nyumbani na waliohudumiwa kliniki. Makundi hayo mawili yalipata nafuu zinazokaribiana. Nauchukua ulinganisho huo kuwa ushahidi wa kihakiki pia. Unaonyesha kwamba mfululizo huu una umbo imara kiasi cha kusafiri bila mtunzi wake, sifa ambayo si kila tiba inayo.

Simu kama chombo cha kusimulia afya si ngeni kwetu Tanzania. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kutuma ujumbe mfupi wa bure, kwa Kiswahili, kwa mjamzito aliyejisajili kupitia namba 15001, naye aliupata hata kwenye kitochi. Kila ujumbe ulifungamana na wiki ya ujauzito, kisha mfululizo ukaendelea baada ya kujifungua. Kifani, ile ilikuwa kazi iliyobahatika, kwa sababu msuko ilipewa na tumbo lenyewe: kuna mwanzo, kuna kukua, kuna tarehe ambayo kila sentensi inaielekea. Mwenye maumivu sugu hana tarehe hiyo. Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia zaidi ya miezi 3, na baada ya hapo kalenda haina tena la kusema. Wiki ya 20 haina tofauti ya lazima na wiki ya 200. Kwa hiyo mtunzi wa mazoezi-tiba ya simuni analazimika kuubuni wakati ambao ugonjwa haukumpa. Hatua, viwango, malengo, wiki ya kwanza, wiki ya pili: vyote hivi ni wakati-tungwa, na ubora wa programu hupimwa kwa jinsi wakati huo unavyoaminika.

Kazi iliyolishughulikia tatizo hili kwa umakini kuliko nyingine ninazozifahamu ni selfBACK, iliyotungwa na watafiti wa Ulaya kwa uongozi wa chuo kikuu cha NTNU cha Norway. Umbo lake la msingi ni juma. Kila juma mtumiaji anajibu maswali machache kuhusu maumivu, usingizi, mwendo na imani aliyonayo juu ya mwili wake, kisha programu inamtungia mpango wa siku saba wenye nyuzi tatu: idadi ya hatua za kutembea, zinazohesabiwa na mkanda wa mkononi, mazoezi ya nguvu na ya kunyumbuka, na ujumbe mfupi wa kuelimisha. Juma likiisha, mpango unafutwa na mwingine unatungwa. Hakuna kilele kinachoahidiwa. Msomaji haambiwi kwamba juma la 12 ataamka mzima; anaambiwa tu kwamba juma lijalo litaandikwa upya kwa kulizingatia hili. Nionavyo mimi huo ni uaminifu wa kifani. Programu nyingi za biashara huazima msuko wa safari, zikamweka mgonjwa kwenye njia yenye medali na kilomita, kisha zikamwacha mwisho wa njia akiwa na kiuno kile kile. selfBACK imechagua umbo la duara kwa sababu jambo lenyewe ni la duara.

Ufundi wake mwingine umejificha. Mpango wa juma hautoki kwenye kanuni iliyoandikwa mara moja kwa watu wote. Programu ina hifadhi ya visa vya watu waliotangulia, na inapomkabili mtu mpya huwatafuta waliofanana naye kwa majibu yao na waliopata nafuu, ikaazima kutoka kwao sehemu za mpango. Mzee wa baraza anayeamua shauri la mpaka wa shamba kwa kukumbuka mashauri mawili matatu yaliyofanana nalo hufanya kazi hiyo hiyo. Kila mpango, kwa maana hiyo, ni matini-mwingiliano: ndani ya zoezi ninaloelekezwa leo yumo mgonjwa nisiyemjua, aliyelifanya kabla yangu na likamfaa.

Matokeo ya kazi hii yalipimwa kwa watu 461 wenye maumivu ya mgongo huko Denmark na Norway, yakachapishwa mwaka 2021. Baada ya miezi 3, waliopewa selfBACK pamoja na matibabu ya kawaida walitofautiana na waliopata matibabu ya kawaida tu kwa wastani wa pointi 0.79 kwenye kipimo cha pointi 24. Ni tofauti ndogo. Ukiuliza kwa namna nyingine, ni wangapi waliopata nafuu ya angalau pointi 4, jibu ni asilimia 52 dhidi ya 39, na hapo tofauti inaanza kuonekana kwa macho ya mgonjwa. Sitaki kuikuza wala kuidharau. Nataka tukiangalie kipimo chenyewe, kwa sababu nacho ni matini, na huenda ndicho matini iliyofinyangwa vizuri kuliko zote katika shughuli hii.

Kinaitwa kwa majina ya watunzi wake, Roland na Morris, waliokichapisha Uingereza mwaka 1983. Waliichukua orodha iliyokuwepo ya sentensi 136 kuhusu namna ugonjwa unavyoyabana maisha, wakachagua 24, kisha wakaziongezea kila moja kauli inayoutaja mgongo kuwa chanzo. Zote ziko katika nafsi ya kwanza, wakati uliopo, na mgonjwa huweka alama kwenye zile tu zinazomhusu siku hiyo ya leo. Tazama uchumi wake. Hakuna sentensi inayouliza kiwango cha maumivu kwa namba. Mtu anajitambua, au hajitambui, katika picha ndogo za nyumbani: kupanda ngazi kwa kushika kishikio, kushikilia kitu ili ainuke kwenye kochi, kuvaa soksi kwa shida, kugeuka kitandani, kuwa mkali kwa watu kuliko kawaida. Ukizisoma mfululizo unapata wasifu wa mtu mmoja na nyumba yake. Takriri ya nafsi ile ile mwanzoni mwa kila sentensi inaleta mdundo wa kukiri, na kipimo, bila kutamka, kinamfundisha mgonjwa kuyasoma maumivu kwa yale aliyoacha kufanya.

Hapa ndipo usomaji wangu kutoka Nyanda za Juu Kusini unapodai nafasi. Nyumba ya sentensi hizo 24 ina ghorofa, ina kochi, ina soksi. Kuinama na kupiga magoti vimo, na kuepuka kazi nzito za nyumbani kumo, lakini vimo kwa ujumla wake, vikiwa sentensi moja moja kati ya nyingine. Mtu wa Isyonje ambaye asubuhi yake ni kulima matuta ya viazi kwa jembe la mkono, na ambaye kuinama kwake ni kazi yenyewe ya siku nzima, ataweka alama moja pale ambapo maisha yake yangestahili ubeti mzima. Mbeba magunia wa Uyole anayepandisha lumbesa kwenye lori, mzigo unaozidi kilo 100 ingawa sheria ya vipimo inaukataza, hatajiona katika ngazi yenye kishikio. Mchuma chai wa Mufindi, mwenye kapu mgongoni na mikono inayorudia tendo moja kuanzia umande haujakauka, maumivu yake yanaanzia shingoni na begani, mahali ambapo sentensi za mgongo hazifiki. Kuzitafsiri sentensi hizo kwa Kiswahili sanifu, hata kwa ustadi, hakuwezi kuibadilisha nyumba zilimotoka.

Tatizo hilo hilo limo katika hifadhi ya visa. selfBACK huwakumbuka waliotangulia, na waliotangulia, nionavyo, wengi wao ni watu ambao adui wao mkubwa ni kiti. Ndiyo maana uzi wa kwanza wa mpango ni hatua za kutembea: msomaji lengwa ni mwili uliokaa, na kila juma unasukumwa usogee. Mwanamke anayepanda kwa miguu kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini akiwa na ndoo ya nyanya kichwani ataambiwa na mkanda wake kwamba ametimiza lengo kabla ya saa mbili asubuhi. Mkanda hautakosea hesabu. Ila hesabu hiyo haisomi mwinuko wala haisomi ndoo, na hongera atakayopewa itakuwa ya kumpongeza kwa kilekile kinachomuumiza.

Je, hii ina maana kwamba mazoezi-tiba hayamfai aliyekwisha kufanyishwa kazi na siku yake? Sivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliyaweka mazoezi yaliyopangwa na elimu kwa mgonjwa miongoni mwa tiba zinazopendekezwa, na likashauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno, ile ile inayouzwa kwa wingi madukani kwetu kwa bei ya kumkimbiza mkulima. Ninachosema ni kwamba kwa msomaji wa huku mkazo wa fani unahama. Mfanyakazi wa ofisini Copenhagen anapewa na programu kitu alichokikosa, yaani rudio. Mbeba viazi ana marudio ya kutosha. Siku yake yote ni takriri isiyo na kituo, kuinama na kuinuka ambako kasi yake inaamuliwa na lori linalosubiri. Kwake yeye zawadi ya matini hii ni ile sehemu ya kimya, pale anaposhika na kuuliza yanauma wapi, na pale mgongo uliopindishwa mbele tangu alfajiri unapindishwa nyuma mara 10 kwa mpango wake mwenyewe. Mtunzi anayelijua hilo atakirefusha kituo na kuacha kuhesabu hatua.

Inabaki sauti. Katika chumba cha mazoezi cha hospitali zetu nyingi utasikia mtaalamu akimwambia mama aliyelala kitandani: haya mama, tunainua mguu, taratibu, hapo hapo, pole, sasa tunashusha. Mtaalamu hainui chochote, lakini nafsi ya kwanza wingi imemfanya mshiriki, na pole imekuja mahali hasa inapostahili, kwenye kilele cha uchungu. Rekodi nyingi za simu husema kwa amri tupu: lala, inua, shusha. Kwa kijana wa mazoezi ya gym amri hiyo ni ya kawaida. Kwa bibi wa Mafinga mwenye magoti mabovu, sauti ya kijana inayomwanza kwa lala chini bila hata shikamoo imeshampoteza kabla ya rudio la kwanza. Lakini hata tunainua ina mtego wake ikirekodiwa, kwa sababu sauti iliyokaa studioni haihemi. Sote tuliokimbia mchakamchaka shuleni tunajua kwa nini tulimwitikia kiongozi: alikuwa anakimbia nasi, na pumzi yake ilikatika kwenye wimbo pale pale yetu ilipokatika. Mwitiko ulijengwa juu ya pumzi ya pamoja. Ningependa basi rekodi ya mazoezi-tiba isomwe na mtu aliye sakafuni, anayelifanya zoezi huku akilisema, na mhandisi wa sauti asithubutu kuikata pumzi yake.

Na rekodi ya namna hiyo haihitaji simu janja wala bando. Dakika 10 za sauti zinaweza kupigwa kwenye kitochi kama simu ya kawaida, saa moja usiku, mkeka ukiwa umetandikwa mbali na baridi ya mlangoni. Wazazi Nipendeni ilikwishaonyesha kwamba simu ndogo inabeba mfululizo mrefu. Picha zitakosekana, lakini aliyelala kifudifudi hakuwa akiziona.

Hukumu yangu juu ya selfBACK, basi, ni kwamba ina umbo bora kuliko kumbukumbu yake. Juma lake la kujiandika upya lichukuliwe lilivyo. Visa vyake vikusanywe upya huku, kutoka Isyonje, Uyole, Mufindi na kwa wapakia mbao wa Sao Hill, na sentensi za kuvipimia zitungwe kutoka vinywani mwao. Roland na Morris walikuwa na sentensi 136 za kuchagulia. Sisi bado tunapaswa kuziandika za kwetu. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa tiba ya viungo na ya mwandishi wa Kiswahili wakikaa meza moja, na wanaoisoma makala hii wanawajua wote wawili. Waiteni.